Chupa ya Maji ya Kwanza

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua siku tatu bila kupumzika. Nimezunguka chumbani mpaka nimejichosha mwenyewe. Kule mwisho wa njia ya pwani, maporomoko ya maji lazima yameanza kumwaga. Humwaga wiki tatu tu kwa mwaka, kisha mwamba hukauka kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu. Anayeyafikia wa kwanza humletea Mlinzi chupa ya maji yake, pale kibandani njia inapoanzia, naye huandikwa kwenye daftari.

Miaka mitatu sasa limeandikwa jina la Mfamasia. Mstaafu kama mimi! Magoti mabovu kama yangu! Huniita Mzee Dakika, eti kwa sababu nilikuwa fundi saa. Mwaka huu atanitambua.

Kikwazo ni binti yangu, muuguzi, ninayeishi kwake. Mwezi wa pili nilitoka bila kuaga, wakanitafuta mpaka wakachoka. Anasema nilipotea. Sikupotea. Nilikuwa mahali ambapo wengine hawakupajua. Ameapa kwamba nikimdanganya tena atachukua ufunguo wangu wa mlango, na nitakuwa natoka kwa kusindikizwa, kama mzigo. Tangu tuhame kwetu nimekaa nyumba nyingi za watu. Ufunguo huu ndio wa kwanza kupewa bila kuuomba.

Jumanne, 7 Aprili

Mpango bora ni usiohitaji kutembea. Nimejaza chupa kwenye bomba la jikoni, nikalowesha suruali mpaka magotini, nikakaa saa mbili nyuma ya kibanda nikipiga chafya. Kisha nikajitokeza nikihema.

Mlinzi ameinua chupa kwenye mwanga. Akaniuliza kwa upole kama natoka kwenye maporomoko au bafuni. Kumbe maji ya kwanza ya msimu hutoka mekundu kama chai ya rangi, kwa sababu yanasomba majani ya mwaka mzima! Hakuna aliyewahi kuniambia.

Mfamasia alikuwepo. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumatano, 8 Aprili

Kama chai ya rangi, ndivyo alivyosema mwenyewe. Basi nimempelekea chai ya rangi. Imepoa vizuri, na majani mawili ya bustanini yanaelea ndani. Kazi ya sanaa!

Mlinzi alinusa, akaonja, akafumba macho. Akaonja tena. Akaniuliza kama kesho maporomoko yatatoka na vitumbua.

Sukari! Nyumbani kwetu sukari hutiwa birikani pamoja na majani. Marehemu mke wangu alianza, binti akarithi, nami kwa miaka hamsini sijawahi kufikiria kwamba chai inaweza kuwepo bila sukari. Mlinzi ameimaliza yote, akarudisha chupa, akanishukuru.

Alhamisi, 9 Aprili

Siwezi kukaa. Nikikaa miguu inatikisika. Kwetu, nyuma ya shule, palikuwa na maporomoko ya namna hii hii. Kila mwaka tulisema tutakwenda wiki ijayo. Tulipohama mwamba ulikuwa mkavu. Imepita miaka arobaini na mmoja.

Kesho nakwenda kweli. Kwa miguu! Mfamasia kamwambia Mlinzi kwamba atakwenda Jumamosi. Njia hupita ufukweni chini ya jabali, na kibao kinaonya kwamba wiki hii baada ya saa saba mchana bahari hujaa na hapapitiki. Muda upo. Tatizo ni kurudi, maana binti anafika nyumbani saa kumi, na mimi huenda nikafika saa kumi na moja.

Suluhisho: nimerudisha nyuma saa ya jikoni kwa saa nzima. Nikiingia, itaonyesha saa kumi. Binti huiamini kuliko simu yake, kwa kuwa nimeitengeneza mimi. Wakati mwingine najishangaa.

Ijumaa, 10 Aprili

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi mbili. Ni baridi, si woga.

Nusu ya njia nilimkuta nani? Mfamasia! Jumamosi yake ilikuwa uongo mtupu. Mzee mzima! Tulisalimiana kwa adabu zote, kisha tukaanza kutembea haraka, kila mmoja akijifanya hana haraka. Penye kibao aliniuliza saa, yake imekufa betri. Nikatazama mkononi: saa sita na robo. Akasema jua linaonekana limepita pale. Nikamjibu kwamba aliyetengeneza saa miaka arobaini na sita haulizwi mara mbili.

Tukapita. Maporomoko yalikuwepo. Membamba, mekundu, yanaanguka juu ya kokoto kwa sauti ya watu wanaozungumza chumba cha pili. Nilivua kofia. Mfamasia naye akavua yake. Kisha kila mmoja akajaza chupa yake.

Tulipogeuka, ufukwe haukuwepo. Bahari ilikuwa imegusa jabali.

Ndipo nikakumbuka. Kila asubuhi, saa kumi na mbili kamili, huirekebisha saa yangu ya mkononi kwa kuifuata saa ya jikoni. Miaka yote hiyo sijaacha hata siku moja. Na leo pia.

Tulipanda juu ya mwamba, tukanywa chai niliyoibeba kutoka nyumbani. Mfamasia akakiri ni tamu. Akampigia Mlinzi simu. Mlinzi akaita boti ya waokoaji, na ndani ya boti, amevaa sare ya kazini, amekaa binti yangu, muuguzi wa zamu.

Hakugomba. Aliniuliza tu ni saa ngapi. Nikasema saa nane. Akanionyesha simu yake: saa tisa. Akasema, Baba, kumbe ni wewe uliyenichelewesha kazini leo.

Jumamosi, 11 Aprili

Binti ameirekebisha saa ya jikoni, kisha amenyoosha kiganja, nikauweka ufunguo. Anasema ndani ya boti alihesabu mawe kumi na manne yasiyo na mtu kabla ya kufika letu.

Mlinzi amekataa kutuandika. Eti aliyerudi kwa boti hakurudi kwa njia. Mfamasia na mimi tumekasirika pamoja kwa dakika kumi.

Jioni binti akaja na chai. Kesho hana zamu. Tutakwenda wote, tutoke saa mbili asubuhi, turudi kwa miguu. Nisipomdanganya mwezi mzima atanirudishia ufunguo. Nimeahidi. Nimeahidi kwa moyo wangu wote, machozi yalinilenga.

Mlinzi ameniambia kwamba Mfamasia kesho anaondoka saa mbili kasorobo.

Binti amelala. Nimesogeza saa ya jikoni mbele kwa nusu saa, kidogo tu. Asubuhi saa kumi na mbili kamili nitairekebisha ya mkononi kwa kuifuata, nisije nikakosea tena.