Mpinzani Wangu, Mpiga Kinanda

Jumanne, 4 Machi
Leo mke wangu kamwita mpiga kinanda "mume wangu". Mbele ya watu ishirini! Ni pale ukumbini, kwenye kikao cha nyimbo tunakowapeleka wagonjwa wetu wa kusahau kila Jumanne na Alhamisi. Muuguzi anayekiendesha kaninong'oneza nisijali, ni ugonjwa unaosema. Sijali hata kidogo. Nimeshinda sijali mchana kutwa, chakula hakipiti. Huyo mzee alikuwa tarishi, tena ana matege. Mimi nimekuwa kinyozi miaka arobaini. Nimeshika vichwa vya wakubwa. Dawa ya moto ni moto. Keshokutwa nitaimba mimi, wimbo wa harusi yetu.

Jumatano, 5 Machi
Mazoezi bafuni. Jirani kabisha hodi kuuliza nani anaumwa. Nikasema ni bomba. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na taulo, kanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole kama ni mimi niliyekuja kulitengeneza. Nikakubali. Nikazungusha koki mara mbili tatu. Akanishukuru, akaniita kaka. Miaka arobaini na mitatu ya ndoa, leo ni kaka.

Alhamisi, 6 Machi
Nimewahi ukumbini, nikachomoa waya wa kinanda, nikautia mfukoni. Bila kinanda, tarishi ni mzee tu kama wazee wengine. Muuguzi kautafuta hadi chini ya viti. Nikajitolea kuokoa jahazi.

Ubeti wa kwanza, salama. Wa pili ukayeyuka. Ukumbi mzima wa wasahaulifu, aliyesahau ni mimi! Jasho. Nikavuta leso, na waya nao ukatoka, ukaanguka sakafuni watu wote wakiuona. Vicheko.

Ndipo mke wangu alipoushika ubeti wa pili, palepale kitini, asikosee hata neno. Alipomaliza akawageukia waliocheka.

"Msimcheke mume wangu," akasema. "Sauti hana, najua. Lakini hajawahi kuchoka kuniimbia."

Tarishi akauokota waya, akauchomeka, asiniulize kitu juu yake. Alitaka tu kujua tuanzie sauti ya juu au ya chini. Nikarudi kitini. Wakaimba wao, wengine wakijifuta machozi. Mimi nilikaa nimeushika mkono wa mke wangu, na yeye akanipigapiga kiganja kama anayembembeleza mtoto.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi kaniuliza mimi nani. Nikasema kinyozi. Akainamisha kichwa nimchane, akafumba macho, akatabasamu. Mtu mwenye akili angeshukuru hapo akanyamaza.

Lakini nimeyapima ya jana, na jambo liko wazi: watu walijifuta machozi kwa sababu ya sauti yangu. Tarishi kaona wivu, ndiyo maana hakuuliza habari za waya. Kilichopungua ni kishindo. Nimeazima tarumbeta kwa mwalimu wa bendi. Sijawahi kupuliza hata filimbi, ila hadi Jumanne nina siku nne nzima.