Master Iliyoingia Bila Kupita Kasindi

Kwa heshima ya taifa, kwa faida ya elimu, na kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kupiga taipu vizuri, mimi Melchior Kahongya niliteuliwa kuwa Katibu Mwandishi wa Tume ya Kutathmini Master za Internet za Bei Nafuu katika Chuo Kikuu cha Umma. Uamuzi huo ulisomwa redioni mara tatu, mapema mwezi wa tatu mwaka 2002, baada ya matangazo ya vifo. Kuna watu waliosema kwamba wakati wa vita kuna mambo ya haraka zaidi. Hao hawajui serikali ni nini. Mouvement yetu, ile ambayo Kinshasa iliiita ya waasi, ilikuwa na jeshi, ilikuwa na bendera, ilikuwa na barrière za askari barabarani kutoka Lubero mpaka Oicha. Kilichokosekana ni tume ya master tu, na sasa tuliipata.

Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Phinées Syauswa, Mkuu wa Département ya Elimu, mtu asiyeweza kuona karatasi bila kuisaini. Mjumbe wa pili alikuwa Commandant Jéthro, wa upande wa usalama, kwa kuwa tulielezwa kwamba Internet inatoka nje. Mjumbe wa tatu ni mimi. Tulipewa ofisi Butembo, meza moja, mihuri mitatu na dosye moja, yaani faili.

Dosye hiyo ilikuwa ya Mama Kaswera, mwalimu wa sekondari kule Mulekera, mjini Beni. Kabla ya vita alikuwa amepata licence, yaani digrii, ya kilimo. Halafu, kwa miaka miwili mizima, kila Jumamosi alipanda lori la maharagwe mpaka Butembo, akaingia katika cyber pekee yenye sahani ya satellite, akasoma masomo ya chuo kikuu kimoja cha umma cha ng'ambo, chuo ambacho hakikumuuliza hata mara moja yuko upande gani wa vita. Jioni alirudi Beni na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki. Aliandika juu ya ugonjwa uliokuwa ukikausha mibuni ya Mbau. Akapasi. Diplome yake ilitumwa kwa Internet, ikachapwa palepale cyber na mashine iliyoishiwa wino wa njano, kwa hiyo nembo ya chuo ilitoka buluu.

Niseme wazi kilichokuwa hatarini. Chuo kikuu chetu cha umma, hapa Butembo, kilikuwa na section ya kilimo yenye wanafunzi thelathini na wanane, na hakikuwa na mwalimu hata mmoja mwenye master. Walimu wote walibaki ng'ambo ya mstari wa mapigano, Kisangani na Kinshasa. Mwaka wa masomo, uliokwisha kucheleweshwa na vita, ulipangwa kufunguliwa tarehe kumi na tano mwezi wa nne. Kama siku hiyo hakuna master darasani, section inafungwa na vijana wanarudi makwao, na miaka ile kila mzazi alijua ni nani anayemngoja porini kijana asiye na kazi. Mtoto wa dada yangu alikuwa mmojawao. Nilikuwa naogopa, na naiandika hofu hiyo hapa ili mtu asiseme Tume haikuwa na moyo.

Kikao cha kwanza kilifunguliwa kwa sala. Mheshimiwa aliigeuzageuza ile diplome, akatazama nyuma yake, akauliza:

"Mama, hii diplome ilitoka wapi?"

"Ku chuo, Excellence. Ng'ambo."

"Na iliingia mu zone yetu kwa njia gani?"

"Kwa Internet."

"Ilipita Kasindi?"

"Hapana."

"Ilishuka na ndege ku Beni?"

"Hapana, Excellence. Ilipita mu hewa."

Mheshimiwa aliweka kalamu chini. Katika zone yetu kila kitu kinaingia kwa mpaka wa Kasindi: chumvi, sabuni, mafuta, vitenge, mabati, hata jeneza. Kitu kikiingia bila kuonekana Kasindi kina jina lake, nalo ni fraude, yaani magendo. Commandant Jéthro alifungua kijitabu chake akaandika neno moja, hewa, akalipigia mstari.

Uamuzi Namba Moja wa Tume ulikuwa wa hekima na uvumilivu. Diplome haikuchanwa wala mwenyewe hakufungwa. Aliamriwa tu aitoe nje ya nchi, kisha aiingize tena kwa njia ya halali. Mama Kaswera alituangalia mmoja mmoja, akaikunja diplome, akaenda. Alivuka mpaka upande wa Uganda, akageuka, akajipanga kwenye mstari wa wafanyabiashara, akaitangaza diplome yake. Mtu wa douane, yaani forodha, alipekua kitabu chake cha bidhaa, akakosa safu ya master, akaiweka katika fungu la karatasi za kufungia na karatasi zilizochapwa za aina mbalimbali. Muhuri aliugonga juu ya neno distinction.

Siku ya tatu mama huyo alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, akaiweka diplome mezani. Kwa dakika nzima niliona haya. Lakini haya haimo katika kanuni za Tume, basi tukaendelea.

Siku nne tulizitumia kutafuta maana ya nafuu. Mheshimiwa alikuwa na shaka: kitu cha bei nafuu Butembo ni kile kinachoharibika kabla hujafika nacho nyumbani, kwa nini master iwe tofauti? Mimi nilipendekeza kwamba nafuu ni kile ambacho mwalimu anaweza kulipia bila kuuza shamba. Tulimuuliza Mama Kaswera, akajibu kwamba aliuza baiskeli. Baiskeli ikajadiliwa. Ikaonekana kwamba mwalimu asiye na baiskeli anakwenda kwa miguu, na kutembea kunajenga afya, kwa hiyo bei ilikubaliwa kuwa nafuu.

Hapo ndipo Tume ilipogonga mwamba. Ili kupima kilo unahitaji mzani. Ili kupima master, Mheshimiwa alisema, unahitaji mtu mwenye master. Tulitazamana. Kati yetu watatu kulikuwa na diplome d'État mbili, za kumaliza sekondari, na leseni moja ya kuendesha lori. Mheshimiwa akaniamuru niandikie chuo cha ng'ambo kwamba Tume inajiandikisha, kwa niaba ya umma, ili kuitathmini master kutoka ndani.

Jibu lilikuja kwa mistari michache. Chuo kilifurahi sana. Wajumbe wafanye kwanza mtihani wa kuingia, kwa mdomo. Mtahini atakuwa mhitimu wa chuo aliye karibu nao, Madame Kaswera, wa Beni.

Mimi nilidhani Mheshimiwa atapasuka. Kumbe alicheka. Siku zile mazungumzo ya amani yalikuwa yakiendelea kule Afrika Kusini, na watu walisema kwamba watakaopewa viti Kinshasa wataombwa diplome. Mheshimiwa alikwisha kujiona waziri. Na hesabu yake ilikuwa rahisi: yule mama anataka saini yangu, mimi nataka pointi zake.

"Batu banasoma banaelewana, Melchior," aliniambia.

Tena alikuwa mtu mwangalifu. Alijua kwamba Kinshasa wangeweza kuuliza ni nani aliyempa pointi, na kama mtahini huyo anatambulika. Basi, kabla ya mtihani, alitambua diplome ya Mama Kaswera kwa nakala nne, akagonga muhuri wa mviringo, wa mraba na ule usio na wino, akaamuru habari isomwe redioni Butembo na Beni. Mama Kaswera alipokea nakala yake, akashukuru kwa adabu, akauliza mtihani ni saa ngapi.

Mtihani ulipaswa kufanyika kwa Internet, Jumamosi. Lakini wiki hiyo vijana wa Commandant walikuwa wamepita mbele ya cyber, wakaona ile sahani inaangalia upande wa adui, wakaikamata. Ilikuwa bado kambini, imefunikwa turubai, inahojiwa. Ikabaki phonie.

Sote tunajua phonie. Ni redio ya kupiga na kupokea, iko kwa wafanyabiashara, kwa mapadri, kwa wapasta na kwenye machimbo ya dhahabu. Ukiongea na mmoja, wote wanasikia; ukimpa mwenzako zamu unasema À vous, ukimaliza kabisa unasema Terminé. Mheshimiwa alijua hilo, na ndilo lililompendeza. Alitaka wananchi wasikie kiongozi wao anavyotahiniwa. Aliagiza phonie zote za zone ziwe wazi saa nne asubuhi, na biashara ikasimama kutoka Butembo mpaka machimbo ya Manguredjipa.

Sisi watatu tulikaa kwenye phonie ya Butembo. Mama Kaswera alikuwa kwenye phonie ya Beni. Alianza na Mheshimiwa, kwa kuheshimu cheo.

"Mukulima wa Mbau anaona kahawa yake inaanza kukauka. Muti moya tu, na majani ya upande moya. Kitu ya kwanza atafanya ni nini? À vous."

Mheshimiwa alivuta pumzi. "Ataandika rapport. À vous."

"Ataandikia nani? À vous."

"Chef wa localité. Na kopi ku Département ya Agriculture, na kopi ku bureau yangu. À vous."

"Na muti? À vous."

"Muti itangojea jibu. À vous."

Hewani kukasikika kitu kama kikohozi, kikohozi cha watu wengi. Sauti moja ikajitokeza.

"Huku ni Manguredjipa, miye Vagheni. Pardon, Mwalimu. Ule muti aung'ole, auchome palepale mu shamba. Hapana kubeba kuni yake ku nyumba. Terminé."

"Manguredjipa, toka mu fréquence," Mheshimiwa alisema.

"Ndiyo, Excellence. Mais panga pia ayisafishe. Terminé."

Ikafika zamu yangu. Nilijibu vizuri, ila nilianza na utangulizi, na betri ikapungua kabla sijafika kwenye jibu. Kisha Commandant Jéthro akashika kipaza sauti. Sikutegemea kitu. Lakini kabla ya jeshi huyu alikuwa mtoto wa shamba la kahawa karibu na Oicha, na aliposikia swali sauti yake ilibadilika. Alieleza jinsi walivyoona mti wa kwanza, jinsi baba yake alivyokata matawi akidhani ni jua kali, akipita na panga lilelile mti kwa mti, na jinsi shamba zima lilivyokufa kwa msimu mmoja. Alisema kwamba laiti mtu angewaambia wachome ule mti wa kwanza, yeye leo angekuwa mkulima. Mimi mwenyewe nilitazama pembeni.

Matokeo yalisomwa hewani, kama Mheshimiwa alivyoagiza. Commandant Jéthro, kumi na sita juu ya ishirini. Katibu Mwandishi, tisa. Mheshimiwa Mwenyekiti, mbili, zote za adabu. Manguredjipa hakuwa ameandikishwa, lakini mtahini alimshauri ajiandikishe.

Ijumaa iliyofuata, siku tatu kabla ya kufungua masomo, Mheshimiwa alitukusanya. Alikuwa hajalala. Alisema amegundua kasoro kubwa ya utaratibu: huko Kasindi diplome ya Mama Kaswera ilipita kama karatasi za kufungia, na karatasi ya kufungia haiwezi kumpa mtu pointi. Kwa hiyo anaondoa utambuzi wake. Section ya kilimo itafungwa, kwa masikitiko. Nilitia karatasi kwenye taipu. Nilimfikiria mtoto wa dada yangu, lakini karatasi niliitia, na sijivunii jambo hilo.

Commandant Jéthro alikuwa akisafisha kucha.

"Excellence, diplome ya ule mama ikianguka, pointi alitoa inakuwa namna gani?"

"Inaanguka pia, Commandant."

"Na yangu?"

"Na yako. Ni logique."

Commandant alivua kofia akaiweka mezani, taratibu.

"Ku barrière zote banajua nilipasi. Mama yangu alinisikia ku phonie ya Oicha, akalia. Excellence, miye hapana mutu wa kuanguka."

Nje ya dirisha vijana wake waliacha kuongea. Mheshimiwa aliangalia kofia, akaangalia dirisha. Mimi niliitoa karatasi kwenye taipu, nikasema mashine imekwama.

Tarehe kumi na tano Mama Kaswera aliingia darasani akakuta wanafunzi thelathini na wanane, Commandant Jéthro kwenye benchi la nyuma na, benchi la mbele kabisa, Mheshimiwa Phinées Syauswa na kalamu zake nne. Chuo cha ng'ambo, mara tu ile sahani ilipoachiliwa, kilikuwa kimemwandikia kwamba aliyeshindwa anaweza kurudia baada ya kusoma mwaka mmoja wa matayarisho kwa mtahini yuleyule, na Kinshasa bado ilikuwa ikimwita.

Mwezi wa tano tulikwenda Mbau kwa kazi za mikono. Nasema tulikwenda, kwa sababu nami nina tisa, na kupasi ni kumi. Mheshimiwa aling'oa mibuni mitatu kwa jembe na, nikitenda haki, aliing'oa vizuri. Wakati wa kurudi lori letu lilisimamishwa barrière. Askari mmoja alitaka kadi za wanafunzi, kwa amri mpya ya Commandant, ambaye siku hiyo alikuwa kazini kwingine. Hakuna aliyekuwa na kadi. Mama Kaswera alieleza kwa upole kwamba kadi zote zimeandikwa tangu siku ya kwanza, picha zimebandikwa, zinangoja saini moja tu, ya Mkuu wa Département, ambaye tangu masomo yafunguliwe haonekani ofisini.

Askari alifikiri. Alituangalia, vijana wachovu wenye udongo mpaka magotini.

"Kosa hapana yenu," alisema. "Mupite. Minatafuta ule hakusaini."

Mheshimiwa alishuka kwenye lori, akajifuta mikono, akachomoa kadi yake ya Mkuu wa Département na kumwonyesha askari. Lori likaondoka. Kwa nyuma tulimwona bado anaeleza kwamba yeye ndiye Mkuu mwenyewe, na askari anamvutia kiti cha waliokamatwa.