Uzinduzi wa Siri ya Birika

Haya ninayowasimulia ni kweli tupu. Mwenye shaka amtazame jogoo wangu mwekundu yule pale: mkinikamata na uongo hata mmoja, mchinjeni. Mimi enzi hizo nilikuwa mtunza mafaili tu, mtu wa pembeni. Jina la mkubwa mwenyewe nimelibadili kulinda heshima yake. Sogezeni vikombe niwamiminie. Birika nimelivika kitambaa chai isipoe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, soko likiwa huria, ndipo ikatangazwa Dodoma nzima, kwa kipaza sauti, kwamba kimeanzishwa Kitengo cha Ulinzi wa Maumbo Nje ya Nchi. Mkurugenzi wake akawa Bwana Castory: suti ya kaunda, kalamu tatu mfukoni, na simu mezani iliyokuwa ikisubiri waya. Kazi ya Kitengo ilikuwa kuhakikisha mtu wetu akibuni umbo la kitu, nchi za nje haziliigi. Kwa miezi minane Kitengo kilifaulu kupita kiasi. Hakuna umbo lililoibwa, kwa kuwa hakuna umbo lililoletwa.

Kisha akaja Matonya, fundi bati wa Miyuji, na kitu ndani ya gunia.

"Shikamoo, mkubwa."

"Marahaba. Toa."

Likatoka birika. Tumbo la kibuyu, mdomo umeinuka kama shingo ya mbuni aliyesikia simba. Castory akarudisha kiti nyuma. Alikuwa hajapata kuona birika linalomtazama mtu.

"Yuko mfanyabiashara anataka kuyapeleka mabirika haya nje," Matonya akasema. "Lakini nimeambiwa yakienda bila hati, wenzetu wataiga, halafu yatarudi na meli niuziwe birika langu mwenyewe."

Castory akazisoma fomu za nchi sita. Kila nchi ilitaka picha zake, lugha yake na ada yake, ila zote zilikubaliana jambo moja: umbo liwe jipya, lisiwe limeonyeshwa hadharani kabla ya maombi kufika.

"Basi hakuna kuuza," akaamua.

"Mkubwa, ninayo arobaini chini ya turubai. Mvua ikinikuta nayo, mteja wangu atakuwa kutu."

"Taifa linakufikiria, Matonya."

"Lifikirie mbiombio basi. Wanangu hawali fikra."

Castory hakupenda mdomo ule. Wa Matonya, si wa birika. Akatoa Waraka Namba Moja: *Yeyote atakayelionyesha umbo hili hadharani kabla ya maombi kufika nje, atayabeba mabirika yote kichwani na kuyatembeza sokoni akinadi kwa sauti, hadi liishe la mwisho.* Anayependa kuonyesha, aonyeshe! Matonya akausoma mara mbili, akaukunja, akauficha ndani ya kofia yake.

Ulinzi ukaanza. Birika likafungiwa kwenye kabati la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasiosalimiana. Evodia, mpiga chapa, akaagizwa aandike maelezo ya umbo bila kuliona. Akaandika: "Kitu cha siri chenye mdomo na mkono." Castory akakisifu Kiswahili chake.

Maombi yakawa tayari kupelekwa posta. Lakini, jamani, lini mliona jambo la serikali likaanza bila kuzinduliwa? Kamati ilikaa siku mbili, ikakubaliana kwa kauli moja kwamba siri kubwa namna ile haiwezi kutunzwa kienyejienyeji. Ukaandaliwa Uzinduzi wa Siri. Turubai, viti vya kukodi, kwaya, ngoma ya Kigogo, mgeni rasmi, waandishi wa habari, na kalenda elfu moja zenye picha ya birika kwa pande zote sita.

"Mkubwa," Evodia akanong'ona, "hadharani si ndiyo hapa?"

"Hapa ni kwa mwaliko, Evodia. Hadharani ni kule kwa wasioalikwa."

Mgeni rasmi akavuta kitambaa, vigelegele vikapaa, na siri ikammiminia kila mtu chai. Keshoye maombi yakatumwa nchi sita, kila bahasha na kalenda yake, kwa heshima.

Majibu yalikuja baada ya miezi mitatu, sita yote, na yote yalisema neno moja: umbo lilikwisha kuonyeshwa hadharani kabla ya maombi, ushahidi ni kalenda mliyotutumia wenyewe. Nchi moja iliongeza kwamba kalenda imependeza ukutani.

Matonya akavua kofia, akaufungua Waraka.

"Muhuri huu wa nani, mkubwa?"

"Wa Kitengo."

"Na sahihi?"

Castory alitafuta kifungu cha kuufuta Waraka. Kufuta kulihitaji Waraka Namba Mbili, na Namba Mbili ilihitaji kuzinduliwa. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Akavua koti la kaunda, akalifanya ngata.

Akashuka kutoka Miyuji hadi sokoni, mabirika yakigongana kichwani kama kwaya isiyo na mwalimu. Watu wakajaa. Waraka ulisema anadi, na mtumishi mtiifu hunadi.

"Mabirika! Mabirika yaliyokataliwa nje!"

"Yaliyokataliwa wapi?"

"Nchi sita!"

Enzi hizo kila kitu cha nje kilitukataa sisi. Leo chetu kimefika nchi sita hadi kukataliwa kwa mpigo, watu wakakigombania! Na umbo walikuwa wanalijua, liko kwenye kalenda. Adhuhuri haijafika, yote arobaini yakaisha, Matonya akakimbilia kukata bati jingine. Hata moja halikubaki. Naapa.

Nilikuwa nawaapia hivyo majirani zangu, ndipo nikasikia sauti mlangoni.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba," nikaitika kabla sijafikiri.

Alikuwa Evodia, mvi tele kichwani. Majirani wakanigeukia: Mkurugenzi?

"Sokoni yalifika thelathini na tisa, mzee wangu," akasema. "Mimi ndiye niliyehesabu."

Akanyoosha mkono, akavuta kitambaa cha birika. Shingo ya mbuni ikawatazama wote.

Jogoo alikuwa mtamu, wameniambia. Mimi waliniachia shingo.