Gadi Inayomkinga Dereva Badala ya Rejeta

Vivianne Asekenye,
Nyumbani kwa Emuron, dereva,
Amukura.

Kwa Mama Benedetta,
Mwenyekiti, Kikundi cha Trekta cha Jembe Moja,
Amukura.

Mheshimiwa Mama Mwenyekiti,

KUH: OMBI LA KUSHUSHA GADI YA TREKTA YA KIKUNDI

Nakusalimu kwa kalamu kwa sababu kwa mdomo nilishajaribu. Jumanne nilifika hadi langoni pako, nikamsalimia mbwa wako vizuri sana, nikarudi nyumbani. Mimi ni yule msichana wa kidato cha tatu anayetembea mbele ya trekta ya kikundi akipunga mikono. Watu wakiniona wanadhani nina ujasiri. Sina. Nikipunga mikono vile huwa ninaomba ardhi inifungukie, lakini ardhi nayo inangoja kulimwa.

Shida yangu ni hii. Gadi ambayo kikundi kilinunua ili ikinge rejeta ya trekta, siku hizi inamkinga baba yangu asionane na mama mkwe wake. Nawe umetangaza kwamba Jumatatu trekta inahamia Khunyangu. Shamba la mama mkwe huyo, nyanya yangu Mama Among, ndilo la pekee upande wetu ambalo halijalimwa. Jumatatu ikitukuta hivi, nyanya hatapanda mahindi msimu huu, na mvua tayari tunaiona kwa macho ikinyeshea watu wa Uganda. Kwa hivyo naomba unisikilize kwa utaratibu ufuatao.

1. Kuhusu kazi halali ya gadi. Gadi ni ile fremu ya mabomba yenye wavu wa chuma. Ilipokuja ilifungwa chini, mbele ya rejeta na taa, kwa bolti nene, ikaachiwa nafasi ya hewa kupita na ya boneti kufunguka. Kazi yake ni kusukuma matawi na vichaka visije vikachoma rejeta. Si ya kubomolea vichuguu, si ya kufungia mbuzi siku ya soko, na si ya kwaya kukalia ikitoka misa, ijapokuwa haya yote nimeyaona, na kwaya iliimba vizuri. Baba alikuwa anazikaza zile nati kila asubuhi kabla ya chai. Nayasema haya ujue kwamba baba yangu anaielewa gadi. Hakukosea kwa ujinga. Alikosea kwa heshima.

2. Kuhusu heshima yenyewe. Hapa kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawashikani mikono, na wakikutana njiani mmoja wao lazima apotee. Hilo unalijua kuliko mimi. Wengine huoa Kakamega wakaishi kwa amani. Baba alioa ng'ambo ya kijito. Tangu aoe, anamjua nyanya kwa leso tu: akiona leso ya rangi ya chungwa inakuja, anaingia kwenye mahindi ya watu.

Sasa, siku ya kwanza ya kulima kwa nyanya, nyanya alisimama mpakani. Huwezi kumwambia akae ndani. Anasema trekta ikilima bila mwenye shamba kusimama, mpaka unahama. Baba alipoiona leso, akageuza uso kwa adabu. Trekta haikugeuka. Ilinyoosha moja kwa moja ikalima mihogo ya jirani yetu Ojakol, na ninakiri ilikuwa mistari mizuri. Ojakol akatoka akasema, "Emuron, mihogo yangu imekukosea nini?" Baba akamjibu huku bado ametazama upande wa kanisa, "Pole, boss. Kwanza niambie, mama ameondoka?"

3. Kuhusu safari ya Malaba. Kesho yake baba aliifungua gadi akaipeleka kwa fundi Alinga, yule anayechomelea bampa za malori yaliyokwama kwenye foleni ya mpakani. Nilikuwepo, nimeshika spana. Fundi akauliza, "Boss, hii unataka ikinge nini?"

"Inikinge mimi."

"Kutokana na nini?"

"Mama mkwe."

Fundi Alinga ana mke. Hakuuliza tena. Aliinua gadi ikapita boneti kwenda juu, kisha kwa huruma yake akaongeza bati zima katikati. Ukiitazama kutoka mbele, trekta yako sasa inafanana na duka lililofungwa. Dereva yumo ndani, ila hauzi.

4. Kuhusu mimi. Mtu aliye nyuma ya bati haoni mbele. Ikabidi yapatikane macho, na macho hayo ndiyo mimi. Kutoka barabarani hadi kwa nyanya kuna nyumba nyingi, na zote zina watu wanaopenda kusalimia. "Asekenye, yoga! Leo unatuletea nini, harusi?" Darasani nikiulizwa swali, sauti yangu huenda likizo kabla ya shule kufunga. Huku natakiwa kupiga kelele "kulia, kulia, simama" mbele ya vijana wa boda, ambao wamenipa jina la Trafiki.

Hiyo ni nusu tu ya kazi. Nyanya husimama mpakani na kusema, "Mwambie huyo mwenye trekta asiguse upande wa Ojakol." Nazunguka bati, namwambia baba. Baba husema, "Mwambie mama nimesikia." Nazunguka tena. Nyanya husema, "Mwambie nimesikia kwamba amesikia." Mama Mwenyekiti, hawa watu wanasikiana. Hata Ojakol anawasikia. Mimi shuleni Kiingereza nakiogopa na Kiswahili nakionea haya, lakini hapa nimefanywa mkalimani wa watu wawili wanaoongea Kiteso kimoja.

5. Kuhusu rejeta. Shamba la nyanya lililala miaka mingi tangu babu afariki. Limejaa visiki na vichaka vya miiba. Katika mashamba yote ya kikundi, hapo ndipo gadi inahitajika chini zaidi. Na katika mashamba yote ya kikundi, hapo ndipo baba anaihitaji juu zaidi. Hilo ndilo tatizo lote. Nimelifanyia hesabu nyuma ya daftari nikakosa jibu, na hesabu ndilo somo ambalo huwa silionei haya.

Jumatano tawi liliingia kwenye rejeta kama uma kwenye ugali. Mvuke ulipanda, baba akaomba kipande cha sabuni azibe tundu. Nyanya aliileta mwenyewe, akaitupa juu ya bati bila kutazama, kwa heshima zote. Ilimpata baba kwenye paji la uso. Akasema, "Mwambie mama asante."

6. Kuhusu dereva mwingine. Utasema, basi tumtoe Emuron siku hiyo moja tumweke mwingine. Nimelifikiria. Makokha wa Khunyangu amemuoa mama yangu mdogo. Quinton anayejifunza kuendesha amemposa yule wa mwisho, na tangu apose ameanza kukimbia leso za rangi ya chungwa hata zile zilizoanikwa. Nyanya alizaa mabinti, na mabinti wote wakapenda wanaume wa injini. Hakuna dereva katika kikundi hiki asiyehitaji bati.

Kwa sababu hizo sita, naomba yafuatayo kwa unyenyekevu:

(a) Gadi ishushwe kabla ya Jumamosi, ifungwe mahali pake mbele ya rejeta, nati zikazwe, na bati lirudishwe Malaba.

(b) Kwa kuwa baba ataonekana, nyanya naye atengenezewe gadi yake. Iwe ya mabomba mepesi, yenye bati dogo na mishikio miwili, aibebe akitembea mpakani. Fundi Alinga anaweza kuja kumpima, ila aulizwe kwanza kama hajaoa kwetu.

(c) Nyanya akisema ni nzito, na najua atasema, kikundi kipitishe sheria kwamba dereva wa trekta awe kapera. Akitaka kuoa, aoe mahali ambapo trekta yetu haifiki kwa tangi moja la dizeli.

(d) Sheria hiyo ikipingwa na makapera, basi mabinti wa wanachama wakatazwe kuolewa na mtu yeyote anayejua kuwasha injini. Sheria hii ianze kuhesabiwa tangu zamani. Natambua kwamba kwa kipengele hiki mama yangu hangeolewa na baba, na mimi singezaliwa. Nimekaa na jambo hilo usiku kucha na nimeona niko tayari. Mtu ambaye hajazaliwa hawezi kutumwa mbele ya trekta.

Naomba majibu kwa maandishi. Tafadhali usiniite mkutanoni kueleza, kwa sababu nitakuja, nitasimama, na hakuna kitu kitakachotoka.

Wasalimie wote nyumbani, wasalimie katibu na mweka hazina, wasalimie kina mama wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, na ukikutana na Ojakol, msalimie yeye pamoja na mihogo iliyobaki.

Ni mimi, niliye mbele ya trekta lakini nyuma yako kwa heshima,

Vivianne Asekenye

Baada ya kutia sahihi: Mama Mwenyekiti, tafadhali usiiguse gadi.

Barua hii nimeiandika nimejificha nyuma ya ghala la nyanya, nikawa nimewaacha wale wawili shambani bila mkalimani. Trekta ilinguruma mahali pamoja kwa muda mrefu. Kisha nikamsikia nyanya akiliambia bati, "Wewe uliye huko nyuma. Uko?"

Baba akakohoa nyuma ya bati. Halafu, "Niko, mama."

Nyanya akalisogelea bati. "Ule mguu ulioumia ulipoanguka na pikipiki. Ulipona?"

Baba aliangusha kitu cha chuma. Pikipiki hiyo alianguka nayo kabla mimi sijaanza shule. "Ulipona, mama. Na zile ndizi ulizotuma zilifika."

"Zilikuwa tamu?"

"Zilikuwa mbichi, mama."

"Nilijua. Niliwaambia wangoje siku mbili, hawakunisikia." Kisha nyanya akasema, "Na yule ng'ombe wenu wa mahari, yule mwekundu. Alikuwa anachechemea."

Baba akajibu, "Tulijua, mama."

Nyanya alicheka mpaka akashika magoti. Sijawahi kumsikia akicheka baba akiwa karibu, kwa sababu baba hajawahi kuwa karibu. Alipomaliza, akaligeuzia bati mgongo, akatangulia mbele ya trekta pale ninapotembeaga mimi, na kuanza kuongoza. Yeye hapungi mikono. Anatoa sauti. "Kushoto kidogo, baba, hapo kuna kisiki marehemu alikataa kuking'oa. Alikuwa mbishi. Mke wako amerithi, au hujaona?" Na baba anajibu kutoka nyuma ya bati, kwa sauti ambayo nyumbani hatuijui, "Nimeona, mama. Nimeona sana." Ojakol amevuta kiti mpakani, anasikiliza.

Nusu ya shamba imelimwa. Mistari haijanyooka hata kidogo, kwa maana nyanya akifika penye habari nzuri hupunguza mwendo. Wanasema wataendelea mpaka giza, na kesho asubuhi wamalizie, na sijui kama wanazungumzia shamba.

Kwa hiyo futa namba moja hadi sita, na (a) hadi (d), hasa (d). Bati libaki, gadi ibaki juu. Likitolewa leo, watanyamaza.

Ila kama kuna mtu wako anapita huku, abebe mtungi wa maji haraka. Nyanya amemwongoza baba moja kwa moja hadi katikati ya kichaka cha miiba, rejeta imetoboka vibaya kuliko Jumatano, trekta yote imefunikwa na mvuke, na hakuna kati yao aliyegundua. Wamefika kwenye habari za harusi.