Ombi la Kuandikwa Ng'ombe Namba Sitini na Moja

Kibumba, tarehe 9 mwezi wa nane

Kwa Papa Directeur Barthélemy Munguakonkwa,
Maziwa ya Familia Munguakonkwa,
Himbi, Goma

Kuhusu: kuomba nafasi katika kundi la ng'ombe

Papa Directeur mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na Mama Clarisse na watoto wote. Mimi ni Mukabalisa Marie-Claire, yule mama anayekamua safu ya kushoto katika shamba lako la Kibumba, mwaka wa tisa sasa. Huenda hunikumbuki kwa sura, kwa kuwa ukija huwa unatazama ng'ombe, nami huwa niko chini yao.

Mwezi wa sita ulisimamisha kibao kikubwa kwenye barabara ya Rutshuru, chenye ahadi tatu za familia yako: kutunza mazingira, kuheshimu mnyama, na kusonga mbele pamoja na jamii. Nimekisoma mara nyingi, maana napita hapo na bidoni ya lita ishirini mgongoni nikienda kutafuta maji. Kibumba unaijua: udongo unaootesha kila kitu, lakini chemchemi hakuna, na kiangazi tunatembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Ndani ya ua wako kuna tangi la lita elfu ishirini, na lori hulijaza kila Jumatano. Nyumba yangu iko hatua arobaini kutoka kwenye tangi hilo, upande wa pili wa senyenge, na nina watoto wanne, Héritière akiwa mmoja wao. Baada ya kufikiri sana nimeona kwamba huna kosa lolote. Kosa ni langu, nimekaa katika kundi lisilo langu. Kwa hiyo naomba niandikwe ng'ombe, wa sitini na moja baada ya wale sitini ulio nao.

Sababu zangu ni hizi.

1. Maji. Ng'ombe wako mmoja anakunywa lita sitini kwa siku, tena maji yaliyopimwa kwanza na kijana kutoka Goma mwenye vichupa. Mimi naomba ishirini, na hayahitaji kupimwa. Mwezi uliopita nilichota bidoni moja kwenye birika lao. Shemeji yangu Twagirimana, mlinzi wako, akaniambia mbele ya watu: "Mama Héritière, hii mayi ni ya bangombe, haiko ya batu." Sikumlaumu. Kuheshimu mnyama kumeandikwa kwenye kibao, kuheshimu shemeji hakukuandikwa.

2. Tiba. Ng'ombe namba kumi na nane akikohoa mara mbili tu, Daktari Kasereka wa mifugo anapanda pikipiki kutoka mjini, anafika amejaa vumbi, anamshika shingo na kumbembeleza. Namba kumi na nane huyo huyo aliponipiga teke la goti, mimi nilipewa ruhusa ya kukamua nikiwa nimekaa. Papa Directeur, kukamua tunakaa siku zote.

3. Uzazi. Ng'ombe mwenye mimba anapumzishwa siku sitini kabla ya kuzaa, na hakuna anayemgusa. Mimi nilikamua nikiwa na mimba ya Héritière mpaka asubuhi ya siku aliyozaliwa, na msimamizi Ferdinand aliuliza kama ndoo ya mwisho imeshafika. Nasikia ndama akizaliwa, picha yake inabandikwa ofisini Himbi. Héritière ana miaka sita na hajawahi kupigwa picha.

4. Mazingira. Hapa nakupongeza kwa moyo. Zamani samadi ilikuwa yetu. Tuliibeba mpaka kwenye maharagwe na viazi, na hakuna aliyetuuliza. Sasa inaingia kwenye shimo lako la gesi, inawasha jiko la nyumba ya wageni, na wageni wanasifu moto wake wa buluu. Maharagwe yetu mwaka huu yameshindwa hata kupanda vijiti vya kutambalia. Sikatai, dunia lazima itunzwe na mtu fulani. Lakini ukiniandika ng'ombe, na mimi nitachangia hiyo gesi kwa kadiri ya uwezo wangu.

5. Jamii. Mwezi wa saba walikuja wageni wenye kamera. Wanawake tulipangwa langoni, kila mmoja na kikombe cha maziwa, tukaambiwa tunywe tukiwa tumesimama na tucheke. Nyumbani kwetu maziwa hunywewa mtu amekaa na ametulia, kwa sababu kuyanywa wima ni kumdharau ng'ombe aliyeyatoa. Mama Uwamariya, mwenye miaka sabini na zaidi, akakaa chini kabla hajanywa. Mpiga picha akamwinua. Picha ikapigwa, kisha vikombe vikakusanywa kabla hatujaonja, maziwa yakarudi kwenye ndoo, kwa kuwa yalikuwa ya hoteli. Hapo sitanii, Papa Directeur. Niliona aibu, na mpaka leo nina hasira. Yule mama alirudi nyumbani akiwa bado amefunga kitambaa chake cha kanisani.

Najua utauliza kama nitaiweza kazi ya ung'ombe. Nimeshajaribu. Jumatatu iliyopita niliokota hereni ya njano ya namba thelathini na nne, aliyekufa mwezi wa nne, nikaining'iniza kwenye kitambaa cha kichwa, nikaenda kusimama birikani. Ng'ombe walinisogezea nafasi bila maneno. Shemeji Twagirimana, ambaye ni mtu wa utaratibu, alifungua daftari. Hakuna aliyekuwa amemfuta marehemu, basi akaniambia kwa upole kwamba kwa mujibu wa daftari nina mimba ya miezi minane na sitakiwi kusimama juani. Akanipeleka kwenye zizi la mapumziko, akanitandikia majani makavu, akafunga mlango. Nililala saa nzima. Tangu niolewe sijawahi kulala mchana. Ferdinand ndiye aliyekuja kunitoa, akisema sina kwato. Naomba unijulishe ni wapi kwenye kibao pameandikwa kwato.

6. Nilisahau ya sita: masharti yangu ni mepesi. Asubuhi nitakamua kama kawaida, na kuanzia saa nne nitakuwa ng'ombe. Chumvi ya kulamba sitaigusa. Watoto wangu waandikwe ndama, maana nimeona ndama wako wanapewa maziwa kabla ya hoteli. Nyuma yangu wako wanawake kumi na saba walio tayari, na mume wangu Byiringiro anauliza kama madume pia yanapokelewa. Ukitukubali wote, Kibumba nzima itakuwa ya mifugo, wewe utakuwa na shamba kubwa kuliko yote mkoani, na hatabaki mtu hata mmoja wa kulalamika.

Kwetu, ukimtakia mtu mema unamwambia awe na ng'ombe. Shamba lako limetufundisha kumtakia awe mmoja wao.

Nabaki nikingoja jibu lako pamoja na hereni yangu, mtumishi wako wa safu ya kushoto. Nisalimie Mama Clarisse, wahasibu wote wa Himbi, Daktari Kasereka na wale wageni wa kamera. Majirani zangu wote wanakusalimu, hata wasiojua kuandika.

Mukabalisa Marie-Claire

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha, lakini sitaki kukuficha kitu. Nyuma ya nyumba nina mtamba wangu mmoja, anaitwa Mwiza, zawadi ya baba yangu Muzee Habarurema, na siku yoyote atazaa mara ya kwanza. Bidoni niliyoileta leo nilimnywesha yeye kabla ya mtu yeyote, akaimaliza. Watoto niliwaambia wavumilie mpaka kesho. Hawakulia, Héritière alikwenda kumpangusa Mwiza pua. Kwa hiyo, Papa Directeur, ikiwa kwenye daftari imebaki nafasi moja tu, tafadhali mwandike Mwiza. Mimi na watoto tutangoja mvua.