Kiti cha Mwisho Mstari wa Alto

Jumanne, 4 Machi
Leo nimepewa karama ya uponyaji. Kanisa zima limeshuhudia.

Basi, hapana. Sijapewa. Mchungaji alitangaza tu kwamba kila mtu atafute karama yake, aitumie kwa upendo. Nikachagua uponyaji kabla wengine hawajauwahi. Nina sababu. Mke wangu tangu apigwe na kiharusi hajatamka neno. Mwanamke aliyekuwa akiimba alto, sauti ya pili ya kwaya, mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka, sasa akitaka maji anagonga kijiko kwenye kikombe. Jioni nimemwekea mkono kichwani, nikakemea kwa sauti nene. Akautoa kwa mkono wake ule mzima, akanionyesha vyombo ambavyo sijaosha.

Alhamisi, 6 Machi
Mponyaji hukua taratibu. Nianze na ugonjwa mwepesi. Nimemwendea Kinyozi, rafiki yangu tangu utotoni, mtu wa kuaminika akiwa ameketi. Nimemwambia Jumapili aingie akichechemea, nimguse, atembee. Akauliza kama si dhambi. Nikamwambia ni mazoezi. Akasema nitamzika kwa aibu, kisha akauliza achechemee sana au kiasi.

Jumapili, 9 Machi
Kinyozi aliingia akichechemea mguu wa kushoto. Vizuri mno, hata mimi nilimhurumia. Nilipomwita mbele, akaja akichechemea wa kulia. Fundi cherehani, yule mama anayeongoza alto, akauliza kwa sauti ya kufika nje kama ugonjwa umehama njiani. Watu walicheka mpaka kitoto kichanga kikaamka. Mchungaji hakucheka. Alinishika bega, akasema karama bila upendo ni kelele tu, na kwamba yangu ameshaiona: kupanga viti.

Viti! Mimi!

Jumamosi, 15 Machi
Nimepanga viti. Vya plastiki, vinavyofinya makalio. Mwisho wa mstari wa alto nimeweka kile cha mbao chenye mikono, na mto juu yake. Fundi cherehani akauliza ni cha nani, mbona kinaziba njia. Nikasema sakafu pale ina ufa, nimeuficha. Sikumwambia kwamba pale ndipo mke wangu alipokuwa akikaa. Akaitazama sakafu. Akanitazama mimi. Akasema haya, shemeji, kisha akaugeuza mto upande ulio safi.

Jumapili, 16 Machi
Sijui niandikeje. Asubuhi navaa viatu, mlango ukagongwa. Alto wote, majoho mwilini, wamekibeba kile kiti cha mbao. Kinyozi nyuma yao, mzima miguu yote miwili. Fundi cherehani akasema wamemfuata mwenye kiti.

Wakampaka mke wangu mafuta, wakamfunga kilemba, wakampitisha barabarani juu juu kama malkia. Muuza mkaa akavua kofia. Kanisani wakamweka mahali pake. Wimbo ulipoanza alikuwa anatazama magoti yake tu. Ubeti wa pili nikasikia kitu. Si neno. Sauti, nyembamba kama uzi, lakini imekaa palepale ilipokuwa ikikaa zamani, chini kidogo ya soprano. Alto, mmoja baada ya mwingine, wakashusha sauti zao ili ile ipite. Hakuna aliyewaambia.

Nimeona mafuriko, nimeona wanangu wakizaliwa, kitu kama kile sijaona. Nilitaka kuinama, nikakosa pa kuelekea, maana utukufu ulikuwa pande zote. Nikashika mgongo wa kiti cha plastiki nisianguke. Kinyozi naye alikuwa amekishika hichohicho.

Jumatatu, 17 Machi
Nimelitafakari jambo la jana, nimelielewa. Nani alimwekea mkono kichwani Jumanne ile? Mimi. Uponyaji ulichelewa tu njiani. Nimemweleza mke wangu. Amegonga kijiko kwenye kikombe, tena na tena, na maji nilikuwa nimeshampa.

Kwa hiyo, Bwana, tuongee kiutu uzima. Viti vyako nimevipanga, mistari imenyooka, na sikulalamika ila kwa sauti. Nawe unajua nimestahili kitu. Siombi makubwa. Jumapili ijayo, Kinyozi achechemee mguu uleule mpaka mwisho.