Kidole Gumba cha Mama Tjitske

Wiebe Hoekema alipomwona mzee mwingine akipapasa usukani wa baiskeli yake ya umeme, akitafuta gea kama mtu atafutaye swichi ya taa gizani, alijua Mungu amemfungulia duka.

Siku ya soko mji wa Sneek, Uholanzi, hujaa wastaafu, na kila mstaafu na baiskeli yake ya umeme, upepo wa jimbo lile la Friesland usimwonee. Upande wa kulia wa usukani pamejazana breki, kengele na kioo cha betri. Kidude cha kubadilishia gea kimesukumwa mbali kama mkwe asiyependwa. Kukisogeza ni kulegeza skrubu moja na kuikaza tena. Lakini kwa skrubu moja mtu atakula nini?

Basi Wiebe akatandika meza kando ya mfereji, akavaa koti jeupe la daktari.

"Mzee wangu, kidole gumba kinakufa ganzi asubuhi?"

Nani wa umri ule asiyekufa ganzi mahali asubuhi?

"Mshipa wake unakwenda moja kwa moja moyoni. Hiki kidude chako ni sumu. Ngoja nikuwekee cha kitabibu."

Cha kitabibu kilikuwa cha plastiki, kilichonunuliwa kwa kilo. Kile kizima cha kiwandani alikitia kwenye mikoba ya baiskeli yake mwenyewe, "kikateketezwe kwa usalama," akisema hivyo kwa huzuni ya mchungaji mazikoni. Kufikia saa sita mchana mikoba ilikuwa imenona, na mnunuzi wake alikuwa akimsubiri mji wa Heerenveen.

Hapo ndipo alipotokea Mama Tjitske, bibi mwembamba mwenye kofia ya sufu, anakokota baiskeli mpya inayong'aa. Wiebe alikitupia jicho kidude cha gea, cha bei mbaya, mate yakamjaa.

"Kijana," bibi akasema, "hiki kitu kiko Ujerumani, kidole changu kiko hapa. Nikitaka kupanda daraja, mpaka niachie usukani nimwombe Mungu anishikie."

"Pole, mama. Na maumivu yanafika moyoni?"

Mama akafikiri. "Mpaka kwenye ini."

"Ini!" Wiebe akatikisa kichwa. "Umechelewa, ila hujachelewa sana."

"Lakini mwanangu, mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia. Nitajuaje hicho chako kitanifaa?"

"Panda baiskeli yangu, zunguka soko, ujionee kidude kinavyotakiwa kukaa. Ukirudi utakuta nimemaliza."

"Na dhamana nikuachie nini?"

"Dhamana ya nini, mama? Si baiskeli yako ninayo mimi?"

"Mama yako alikulea," bibi akasema, akampapasa shavu. Akapanda taratibu, kwa kuugulia. Alipokata kona ya duka la mikate, mgonjwa alikuwa keshapona.

Wiebe hakuona. Alikuwa ameinama, anashughulika. Ndiyo kwanza amekichomoa kidude, waya unaning'inia, kivuli kipana kikaangukia meza. Alikuwa Douwe, muuza samaki, aproni imelowa, mikono inanuka kitunguu cha kulia samaki.

"Rafiki, unaifanya nini baiskeli yangu?"

"Yako? Hii ni ya yule mama."

"Mama yupi?"

"Yule... mwenye ini."

"Nimeiegesha nyuma ya kibanda, ufunguo nimeusahau kwenye kufuli. Nageuka, haipo. Naikuta kwako, umeichuna kama samaki!"

Wiebe akasikia vidole gumba vyote viwili vikifa ganzi. Akatupa spana, akatimua mbio kuelekea darajani, njia ya kutokea mjini, Douwe nyuma yake.

Kengele ya daraja ililia, kizuizi kikashuka, na daraja likaanza kunyanyuka kupisha mashua. Ng'ambo ya pili Mama Tjitske alikuwa amesimama anafunga vifungo vya koti.

"Mama! Baiskeli yangu!"

"Nzuri sana, mwanangu! Na mikoba imejaa. Asante!"

"Huo ni wizi! Naita polisi!"

"Waite! Wasimulie na vilivyomo mikobani."

Wiebe akaisukuma simu yake ndani zaidi ya mfuko.

"Ila hiki kidude chako," bibi akapaza sauti, "kimebanana na breki, kinanifinya. Nifanyeje?"

Wiebe akatazama nyuma. Douwe anakuja, na nyuma yake wazee kadhaa, kila mmoja na kipande cha plastiki kilichovunjika mkononi. Akatazama mbele: tanga linapita polepole. Lakini fundi ni fundi, hata akiwa tapeli. Akaweka viganja mdomoni.

"Legeza skrubu ya chini, mama! Sogeza upana wa kidole, halafu ukaze! Ile ya juu ni ya breki, usiiguse!"

Bibi akatoa kispana mkobani, akalegeza, akasogeza, akakaza, akajaribu kwa kidole. Akapiga kengele mara moja ya shukrani, akashika njia ya Bolsward, upepo ukimsukuma mgongoni. Ilikuwa kazi ya kwanza ya haki Wiebe kuifanya mwaka ule, na aliifanya bure.

Mkono unaonuka kitunguu ukamtua begani.

"Wa ng'ambo umemhudumia," Douwe akasema. "Sasa twende mezani. Foleni inakusubiri, daktari."